Ile picha ya wadudu kwenye karakana: maswali mnayoniuliza kila siku

Karakana yangu ya fremu iko Kinondoni, na juu ya meza ya kukatia vioo pana picha ya wadudu. Wateja wanaleta vyeti vya chuo, picha za harusi, aya za Kurani, picha za marehemu bibi. Tukishamaliza habari za vipimo na bei, macho yanapanda ukutani na maswali yanaanza. Nimeyakusanya hapa ili anayesubiri fremu yake asome taratibu, nami nikate kioo bila kujikata vidole.

Fundi, hao ni mende?

Ukiwatazama kutoka mlangoni unaweza kusema hivyo. Sogea. Ni wadudu wa aina mbalimbali waliochorwa kwenye karatasi tupu, kila mmoja na nafasi yake, bila mandhari yoyote nyuma yao. Mama mmoja aliwahi kuniambia picha ile itanifukuzia wateja wa chakula. Bahati nzuri siuzi chakula.

Nani kachora?

Mwingereza aliyeitwa Roger Keith Barrett. Dunia inamjua kwa jina la utani, Syd. Alizaliwa Cambridge tarehe 6 Januari 1946. Baba yake alikuwa daktari wa patholojia, mtu wa darubini na sampuli, na alifariki kwa saratani Desemba 1961 kijana akiwa bado hajafikisha miaka 16.

Huyu Syd ndiye aliyekuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi mkuu wa bendi ya Pink Floyd ilipoanza. Hata jina la bendi alilitoa yeye, kwa kuunganisha majina ya wanamuziki wawili wa bluzi wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Wengi mnaijua Pink Floyd kwa zile fulana nyeusi zenye pembetatu na mwanga wa rangi za upinde wa mvua, zinazopatikana mitumbani Karume kila msimu. Ile pembetatu ni ya albamu ya 1973. Wakati huo Syd alikuwa nje ya bendi miaka mitano.

Si ndiye yule wa Zanzibar?

Hapana. Wa Zanzibar ni Freddie Mercury wa bendi ya Queen, aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Naelewa mnavyowachanganya: mwaka mmoja wa kuzaliwa, London ile ile, nywele ndefu zile zile. Na kuna jingine ambalo wachache wanalijua, kwamba wote wawili walisomea sanaa ya kuchora kabla ya kushika maikrofoni. Freddie alisoma usanifu wa michoro katika chuo cha Ealing, na ile nembo ya Queen yenye simba, kaa na ndege mkubwa aliichora mwenyewe.

Kwa hiyo alikuwa mwanamuziki, akaharibikiwa, ndipo akageukia uchoraji?

Ndivyo inavyosimuliwa mara nyingi, na ndivyo mteja mmoja alivyomweleza mwenzake hapa hapa mbele yangu kwa uhakika mkubwa. Lakini hesabu za miaka zinakataa.

Barrett alianza na brashi. Alisoma sanaa katika chuo cha ufundi cha Cambridge kuanzia 1962, na mwaka 1964 akaenda London kusomea uchoraji katika chuo cha Camberwell. Gitaa lilikuwepo, ndiyo, lakini lilikuwa jambo la jioni, na chuo kilikuwa ndiyo kazi. Bendi ikaanza 1965, ikapata jina, ikammeza, na masomo yakakatika. Mwaka 1967 zikatoka nyimbo mbili zilizopanda chati za Uingereza, na Agosti ikatoka albamu ya kwanza yenye nyimbo 11, ambazo 8 alizitunga peke yake. Ndani ya miezi michache tu tangu hapo akawa hawezi kazi. Siku nyingine alisimama jukwaani bila kupiga noti, siku nyingine hakuonekana kabisa. Rafiki yake wa Cambridge, David Gilmour, aliingizwa kundini kusaidia, na Aprili 1968 ikatangazwa kwamba Syd si mwanabendi tena.

Akatoa albamu mbili za peke yake mwaka 1970, akajaribu mambo mawili matatu ya muziki, basi. Jumlisha yote: muziki ulimchukua chini ya miaka kumi. Uchoraji aliuanza utotoni, na alipokufa tarehe 7 Julai 2006 akiwa na miaka 60 alikuwa bado anachora. Mimi nikiulizwa nasema alikuwa mchoraji aliyepitia kwenye muziki, na kule kwenye muziki ndiko alikoumia.

Na hata ndani ya muziki hakuacha kuchora. Gitaa lake la Fender alilibandika visahani vya kung'aa kama vioo ili taa za ukumbi zimrudie mtazamaji usoni. Kwa ajili ya albamu ya kwanza ya 1970, sakafu nzima ya chumba chake cha Earl's Court alikokuwa akiishi na mchoraji Duggie Fields aliipaka mistari ya rangi ya chungwa na zambarau. Mpiga picha Mick Rock akaja, akampiga picha amechuchumaa juu ya mistari hiyo, na hiyo ndiyo ikawa jalada. Watu wanamtazama mtu aliyechuchumaa. Mimi naitazama sakafu, kwa sababu ni mchoro wa mita kadhaa ambao mwenye nyumba yeyote wa Sinza angeukatia deposit.

Lakini hawa wadudu aliwachora akiwa amechanganyikiwa. Si inaonekana?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu.

Hapana, haionekani, kwa sababu haikuwepo. Wadudu hawa aliwachora alipokuwa mwanafunzi Cambridge, kabla ya kwenda London mwaka 1964. Hakuna Pink Floyd, hakuna vidonge, hakuna ugonjwa wowote uliokuwa umeonekana. Ni kijana wa miaka 17 au 18, amekaa mezani, anachora miguu ya mdudu kwa uangalifu.

Mchoro ukakaa. Novemba 1970, albamu yake ya pili ya peke yake ilipokuwa inatoka, ikiwa na jina lake la ukoo tu, *Barrett*, mchoro ule wa zamani ndio ukawekwa kwenye jalada. Kufikia hapo kila mpenzi wa muziki Uingereza alikuwa amesikia habari za kijana aliyeondolewa Pink Floyd. Akashika jalada dukani, akaona wadudu, akajisemea: naam, hivi ndivyo vinavyotembea kichwani mwake. Zaidi ya miaka hamsini imepita na bado watu wanajisemea hivyo hivyo.

Nimekuwa nikiwatazama wateja wangu. Asiyejua habari ya mchoraji huniambia huyu mtu ana mkono wenye subira, au huuliza kama ni kazi ya mtu wa kilimo. Aliyekwisha kusikia habari huanza kuniambia tazama ile miguu inavyotetemeka, tazama walivyotengana, upweke huo. Miguu ni ile ile. Mpelekee mwalimu wa sanaa pale Azania mchoro kama huu ndani ya daftari la mwanafunzi wa kidato cha nne, ataupa alama nzuri na kumwambia kijana akazanie mabawa.

Sisemi maisha ya mtu hayaingii kwenye kazi yake. Nasema tu ukitaka kusoma ugonjwa kwenye picha, angalia kwanza picha ilichorwa lini.

Alirogwa? Au ni bangi?

Maswali haya huja pamoja na huulizwa kwa sauti ya chini, hasa na watu wazima.

Kinachosemwa zaidi na waliokuwa naye ni LSD, dawa ya kuona maruweruwe, ambayo Uingereza haikuikataza kisheria hadi 1966. Alitumia kwa wingi, na wakati huo huo alikuwa kijana wa miaka 21 anayepangiwa shoo karibu kila usiku. Wengine wanataja skizofrenia, wengine aina ya usonji, na mdogo wake wa kike, aliyekuwa karibu naye hadi mwisho, aliyakataa majina hayo ya magonjwa alipohojiwa baada ya msiba. Madaktari wanaompima mtu kwa kusoma magazeti siwaamini, na fundi fremu anayempima usimwamini pia.

Kwa nini hatuoni picha zake za uzeeni?

Kwa sababu alizichoma.

Alirudi Cambridge moja kwa moja mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inasimuliwa kwamba mwaka 1982 alitoka London kwa miguu hadi nyumbani kwa mama yake, karibu kilomita 80, sawa na kutoka Posta, kuipita Mlandizi, bila kufika Chalinze. Akaacha jina la Syd, akawa Roger kama alivyobatizwa. Akaishi kwenye nyumba ya kawaida, akalima bustani, akaendesha baiskeli kwenda dukani, akatengeneza samani zake mwenyewe, akachora. Picha ikikamilika aliipiga picha kwa kamera. Halafu anaiteketeza. Chache tu zilisalimika.

Wateja wakisikia hivyo wanashika kichwa. Na mimi, kwa kazi yangu, inaniuma kuliko wao, maana riziki yangu yote inasimama juu ya imani kwamba picha inapaswa kudumu. Lakini siko tayari kuliita jambo hili wazimu. Bi harusi anachorwa hina usiku kucha, ua kwa ua, na wiki mbili baadaye imefutika. Mchoraji wa hina hatumpeleki hospitali. Huyu alitaka kuchora, akachora, akajiwekea kumbukumbu ndogo ya kamera, akaendelea na nyingine. Kama ukuta wa mtu mwingine haukumo kwenye hesabu zako, turubai kavu ni mzigo tu wa kukujazia chumba.

Kuna jambo jingine nalo ni la kwangu tu, sijalisoma popote. Mashabiki walikuwa wakija mpaka mlangoni kwake kumtazama, wengine na kamera, miaka nenda rudi. Mtu anayewindwa hivyo akiacha picha nyumbani, ajue zitapigwa mnada kwa jina alilolikimbia.

Zilipigwa mnada?

Zile zilizobaki, ndiyo. Tarehe 29 Novemba 2006, miezi mitano tangu afariki, kampuni ya mnada ya Cheffins ya Cambridge iliuza vitu vyake vya nyumbani: baiskeli, samani, vitabu, zana, na michoro michache. Zilipatikana takriban pauni 120,000. Familia ilielekeza fedha hizo kwenye ufadhili wa wanafunzi wa sanaa, uamuzi ninaoupenda.

Alikufa maskini?

Hapana. Hakuishi kitajiri, ila mirabaha ya nyimbo zake iliendelea kuingia, na Gilmour, yule yule aliyechukua nafasi yake, alihakikisha analipwa kila nyimbo zake zilipochapwa upya. Gilmour huyo huyo pamoja na Richard Wright, mpiga kinanda wa Pink Floyd, ndio waliomwongoza studio kutengeneza hiyo albamu ya wadudu. Watu hupenda kisa cha usaliti. Hapa urafiki ulikuwepo, ingawa haukutosha. Tarehe 5 Juni 1975 aliingia studio za Abbey Road wenzake wakiwa kazini, amenenepa, amenyoa kichwa na nyusi, na kwa muda hakuna aliyemtambua. Wimbo waliokuwa wakiushughulikia ulikuwa unamhusu yeye.

Tingatinga naye si alikufa vibaya? Wanafanana?

Swali zuri kuliko linavyosikika. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora hapa Dar mwaka 1968, mwaka ule ule Syd alipotoka Pink Floyd. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za mafuta, za aina inayopakwa baiskeli, na picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kudhania ni mhalifu anayekimbia. Alikuwa amechora miaka minne tu.

Nje ya wanyama na wadudu sioni mfanano mkubwa, ila naona kinyume cha kuvutia. Tingatinga alichora ili auze, hakuona aibu, na mtindo wake umelisha familia za watu wengi hadi leo pale Haile Selassie. Mwenzake wa Cambridge hakutaka mnunuzi kabisa. Watu wakilinganisha wasanii huuliza nani alikuwa halisi zaidi. Muulize mwenye kodi ya kulipa.

Hii ya ukutani ni halisi? Unauza bei gani?

Ni jalada la santuri lililochapwa upya. Siuzi.

Nichoree kama hiyo basi.

Kwa ajili ya kujifunza nyumbani, kaa uchore, ni zoezi zuri la mkono. Kutengeneza kopi za kuuza ni habari nyingine. Kwa sheria ya Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya mwaka wa kifo cha msanii, kwa hiyo hii ni mali ya warithi hadi mwisho wa 2076. Kwa upande wetu waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujachapa fulana. Na nikushauri: wadudu wapo bure. Kumbikumbi wa masika, jongoo, panzi, nyenze wa kwenye mwembe. Chora wako, niletee, nitakupa bei ya fremu ya kistaarabu.

Mbona picha zangu za karatasi zinaota madoa na hii haioti?

Hapa sasa ndipo penye utaalamu wangu, niacheni niseme kidogo.

Adui wa karatasi Dar ni unyevu, hasa masika, na kwa wanaokaa karibu na bahari huongezeka chumvi. Fremu nyingi za haraka zinaibana karatasi moja kwa moja kwenye kioo. Usiku hewa ikipoa, unyevu unaganda ndani ya kioo na kuingia kwenye karatasi, halafu kuvu anaanza kazi. Ile yangu haigusi kioo: kuna ukingo wa kadi nene umeizunguka na kuacha nafasi ya hewa. Kadi yenyewe ni isiyo na asidi, maana kadibodi ya maboksi hugeuza karatasi rangi ya chai ndani ya miaka michache. Nyuma sikutumia selotepu. Selotepu ni balaa: gundi yake huloweka karatasi na haitoki. Nimeshikiza juu tu, kwa vipande vya karatasi nyepesi na gundi ya wanga, ili karatasi itanuke na kusinyaa inavyotaka.

Kisha ukuta. Usitundike picha ya karatasi kwenye ukuta unaopakana na bafu, wala ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala palipo na jua la saa tisa. Pembe za chini za fremu nimeziwekea vipande vya mpira ili hewa ipite nyuma. Kila baada ya mvua naishusha na kuigeuza, natafuta njia za mchwa na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokula karatasi. Ningeona haya sana picha ya wadudu ikiliwa na wadudu.

Kijana wangu anachora usiku kucha, kaacha chuo, hatoki chumbani. Naogopa atakuwa kama huyo.

Mzazi wangu, hili sitalijibu kwa mzaha. Kuchora usiku kucha si dalili ya kitu, wachoraji wengi ninaowatengenezea fremu wako hivyo. Lakini kama haongei na watu aliokuwa akiongea nao, halali usingizi, hali chakula, anasikia sauti au anaona watu wanamfuatilia, hilo ni la daktari, na mapema ni bora kuliko baadaye. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na unaweza kuanzia hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, Mwananyamala, Amana au Temeke. Kama kuna dawa za kulevya za kujidunga, Muhimbili wamekuwa na kliniki ya methadoni tangu 2011. Usisubiri neno la mtaani kwamba "anataka Mirembe" likutangulie, maana likishamshika kijana hilo, hata kupona kwake watu hawakuoni.

Na makaratasi yake usiyatupe. Usiyasome kama cheti cha hospitali pia. Yaweke mahali pakavu.

Muziki wake nianzie wapi?

Anza na nyimbo za 1967, zile fupi. Zina baiskeli, paka, vinyago vya bustanini, nyota. Za 1970 ni za mtu na gitaa lake, mdundo unateleza kidogo, na kuna pahali unasikia kurasa za maneno zikigeuzwa. Ukiwa umezoea muziki ulionyooshwa na kompyuta zitakusumbua mwanzoni.

Wapi pengine nione picha mjini hapa?

Nafasi Art Space kule Mikocheni, Tingatinga pale Oysterbay, na Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Na usipuuze kuta za saluni za kinyozi Manzese: kuna fundi wa pale anachora vichwa ambavyo vingeniletea fremu za mwaka mzima, kama angekubali kuhama kutoka ukutani kuja kwenye hadibodi.

Naweza kuipiga picha na simu?

Piga, ila zima flashi, kioo kitakurudishia mwanga. Simama kushoto, upande wa meza ya mbao. Angalia vipande vya kioo chini.